Mbao Iliyobana

Shemeji yangu Ferdinand hakuwa na imani na kabari. Mimi ni fundi, nimekulia mtaa wa Buyenzi katikati ya kelele za vyuma, na kwangu jembe linalocheza kwenye mpini dawa yake ni kabari: unachonga kipande cha mti mgumu, unakigonga kwenye upenyo, kazi imekwisha. Yeye alikuwa mkulima wa Carama, na kwake dawa ilikuwa maji.

"Unalaza isuka mu ndoo," aliniambia asubuhi moja, isuka kwao ni jembe, ameketi juu ya injini mbovu pale karakanani, kikombe cha chai mkononi. "Asubuhi mbao imevimba, imekamata. We unasumbuka na nyundo ya bure."

"Jua likiwaka italegea tena."

"Basi ninarudisha mu maji. Maji iko bure."

Alikuwa amekuja na baiskeli, mboga za lengalenga na mihogo vimefungwa nyuma, kama alivyofanya karibu kila wiki akienda sokoni. Mke wangu Zaina, dada yake mkubwa, alimletea mandazi na kumgombeza kwamba amekonda. Zaina alizaliwa Mkristo, akiitwa Goreth. Alipokubali kuolewa na mimi, Mwislamu, kwao walinuna mwaka mzima, isipokuwa Ferdinand. Yeye alikuja arusini kwa baiskeli ileile, akala pilau mpaka wajomba zangu wakaanza kumtazama, halafu akaomba abebe nyingine nyumbani. Nilimpenda tangu siku ile. Wapo watu wanaopendwa kwa sababu nyingi, yeye nilimpenda kwa sababu hiyo moja na ilinitosha.

Hiyo ndiyo asubuhi ninayoikumbuka nikisema "kabla". Vita vilikuwepo tayari, vilikuwa na miaka, lakini vilikuwa upande mwingine wa mji, na sisi binadamu tuna tabia hiyo mbaya ya kuita amani kila kitu ambacho hakijatufikia.

Kisha vikafika kaskazini. Carama ni mahali ambapo mji unakwisha na mashamba yanaanza. Ukisimama nyuma ya nyumba ya mwisho unaiona milima, na milimani ndiko walikotoka wale tuliowaita watu wa msituni. Jeshi likawakusanya vijana wa mtaa, likawapa bunduki, likawafundisha kidogo, likawaambia walinde kwao. Hawakuulizwa kama wanataka. Aliyekataa alionekana ana ndugu milimani, na wengi walikuwa nao kweli, kwa hiyo hakuna aliyekataa. Ferdinand akachukuliwa akitoka kumwagilia mboga.

Bunduki aliyopewa ilikuwa imepita mikono mingi. Ile mbao ya mbele, inayokinga mkono usiungue na mtutu, ilikuwa imekauka na kulegea. Ilikuwa kiangazi. Akitembea, mbao iligonga chuma, na katika doria usiku mlio ule ulisikika mbali. Kaporali wa kituo chao cha ulinzi, mwanajeshi wa kazi, mtu mfupi mwenye sauti ya mafua, alimzaba kofi mbele ya wenzake. Alimwambia kelele hizo zitawaua wote.

Ferdinand akarudi nyumbani akafanya alichokijua. Alizungushia ile mbao gunia lililolowa, akailaza hivyo. Kesho yake tena. Akawa anaimwagilia kama anavyomwagilia vitunguu. Baada ya siku kadhaa mbao ikakamata, mlio ukaisha, na kaporali akamsifu mbele ya walewale waliomwona akipigwa. Haya yote mimi sikuyajua. Alipokuja Buyenzi alisema tu kwamba sasa mambo kituoni ni mazuri, akala mandazi yake, akaenda.

Mvua zikaanza. Mbao ikaendelea kuvimba bila mtu kuigusa, na yale maji ya gunia yaliyojificha chini yake yakafanya kazi yake kwenye chuma.

Siku moja mchana akaja karakanani kwa miguu. Nilijua kuna jambo kwa sababu hakukaa.

"Shemeji, uje Carama. Leo hii."

"Kuna nini?"

"Ile mbao ya bunduki inakatala kutoka. Kesho kuna ofisa anatoka mu mji, anataka bunduki yote ifunguliwe, aangalie ndani. Yangu ikikatala, watasema niliiharibu makusudi."

"Uliifanyaje?"

Akatazama miguu yake. "Niliweka maji. Kama isuka."

Sikucheka. Ningecheka siku nyingine yoyote. Miaka ile, kuharibu silaha ya serikali kulikuwa na maana moja tu, kwamba unawasaidia wa upande ule. Kijana mmoja wa kituo jirani alichukuliwa kwa sababu alipoteza magazini ya risasi. Mke wake alizunguka na chakula kwenye kila kasho, kila mahabusu ya mji, na kila mlango ulimwambia hayupo hapa, mpaka akachoka akakila mwenyewe njiani na watoto. Ferdinand alimjua kijana yule. Mimi nilimjua yule mke.

Zaina alikuwa amesikia kila kitu nyuma ya pazia.  Alichukua mfuko wa nguo, akaweka ndani bisibisi, tupa, nyundo ndogo, kile kinyundo changu cha mpira na chupa ya mafuta, akanikabidhi. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kugusa vifaa vyangu.

Kituo kilikuwa nyumba ya matofali ambayo mwenyewe alikimbia kabla hajaimaliza kuezeka. Upande mmoja kulikuwa na bati, upande mwingine mvua ilinyesha ndani. Walinzi walikuwa wachache, wamekaa chini ya ule upande wa bati, wote vijana wa palepale, wengine bado wamevaa kandambili. Kaporali alinipokea bila salamu ndefu.

"Ni we fundi?"

"Ni mimi."

"Mi nilijaribu na kisu. Kikavunjika ncha. Ukiivunja hii mbao, fundi, hatuna ingine. Itaonekana. Na mi pia wataniuliza." Alichomoa magazini, akafungua chuma cha juu akahakikisha hamna risasi ndani, ndipo akaniwekea bunduki magotini. Nilielewa kwamba anaogopa kama sisi, isipokuwa yeye alikuwa na cheo cha kufichia woga.

Sikuwa nimewahi kushika bunduki. Lakini kitu kilichobana ni kitu kilichobana. Mbao ile ilizuiwa mbele na pete ya chuma yenye kilimi kidogo cha kugeuza. Ukigeuza, pete inasogea mbele na mbao inafuata, inachomoka. Ndivyo alivyonieleza kaporali. Sasa kilimi kilikuwa kimeshikwa na kutu, pete haikusogea, na mbao ilikuwa imevimba hadi ikajaa kwenye chuma pande zote, huwezi kupitisha hata ukucha. Pembeni kulikuwa na jeraha la kisu cha kaporali. Nikapaka mafuta kwenye pete nikaiacha inywe. Kutu siiogopi, kutu ina ubishi lakini mwishowe inasikia. Mbao ndiyo niliyoiogopa. Mbao iliyovimba ukiivuta kwa nguvu inapasuka kwa urefu, na ikishapasuka hakuna fundi wa kuirudisha.

"Inataka kukaushwa," nikasema. "Polepole. Nitafutieni mbabula."

Mama yao Zaina na Ferdinand alikaa nyuma tu ya kituo, na ndiye aliyeleta lile jiko la makaa. Kwao mkwe na mama mkwe hawagusani, hata mkono hawapeani. Unainama kwa mbali, mnaulizana habari huku kila mmoja anatazama pembeni. Aliweka mbabula chini, akarudi nyuma hatua kadhaa, ndipo mimi nikasogea kuichukua. Walinzi walitazama mchezo ule wa heshima wakatabasamu, wote walikuwa na wakwe.

Nilifunika makaa kwa majivu, libaki joto bila moto, tukaishika bunduki juu yake, Ferdinand kitako, mimi mtutu, tukawa tunaigeuza upande huu na upande ule. Ukiharakisha mbao inapasuka vilevile. Nilimwambia aweke kiganja chini, panapokuwa moto kuliko anavyovumilia aniambie.

"Munachoma mushikaki?" kaporali akauliza, na kwa mara ya kwanza watu wakacheka.

"Ikiiva tutakuita, shefu," akasema Ferdinand.

Tulikaa hivyo mchana wote. Mvua ilinyunya, ikaacha, ikanyunya. Mbao ilitoa mvuke kidogo na harufu ya gunia. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba tangu apewe bunduki ile hajawahi kuifyatua, kwamba usiku doriani anaomba Mungu wasikutane na mtu, na kwamba anachokiogopa zaidi ni kumkuta mtu anayemjua. Baadaye akaniuliza kama Zaina ana mimba. Nikamwambia hana. Akasema mtoto atakuja tu, vita ikiisha, na yeye ataleta mbuzi.

Pete ndiyo iliyoanza. Niligonga kilimi kwa ncha ya mti, kidogo kidogo, nikiongeza mafuta, na ghafla kikageuka. Pete ikasogea. Nikachukua kinyundo cha mpira nikaanza kuigonga mbao kwa nyuma, upande huu, upande ule, bila nguvu, mtu wa pembeni angedhani nabembeleza mtoto. Wale walinzi wote walikuwa wamesogea.  Mbao ikalia. Ferdinand akafumba macho.

Ikatoka.

Ilitoka nzima, haina ufa hata mmoja. Nikaigeuza mbele ya macho yao. Ferdinand aliichukua akaibusu, kweli aliibusu, na kaporali akanipiga begani mpaka nikayumba. Sijawahi kufurahia kazi kama ile. Chini yake chuma kilikuwa kimeliwa, kimefunikwa ganda jekundu, na tukalikwangua kwa tupa laini na kitambaa chenye mafuta mpaka rangi ya chuma ikaonekana. Nilimwonyesha namna ya kuirudisha. Sasa ilikuwa imekauka, iliingia bila ubishi.

"Itaanza tena kupiga kelele," akasema, anacheka.

"Ikipiga kelele uniite. Usiite ndoo."

Watu walikuwa wamezoea kushambuliwa usiku. Ndiyo maana mchana walinzi walipika, walilala, walifua. Wale wa msituni walikuja kukiwa bado na mwanga, wakati mvua inanyunya na milima haionekani.

Tulisikia mlio mmoja, kisha mingi.

Bati juu yetu likatoboka. Kijana aliyekuwa karibu na ukuta akakaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka, na hakuinuka.

Kaporali alikuwa tayari kwenye mlango. Alipiga kelele kwa Kirundi, halafu kwa Kiswahili ili na mimi nielewe.

"Kila mutu hana bunduki ya kufanya kazi, atoe wamama na batoto! Muende Kigobe! Wengine kuja huku!"

Akageuka kwangu. "Fundi! Ya huyu iko tayari?"

Vidole vyangu vilikuwa bado kwenye pete. Mbao ilikuwa imekaa, kilimi hakijafungwa.

Kabla sijafungua mdomo, Ferdinand alisukuma pete kwa kiganja, akageuza kilimi kwa kidole gumba. Kikafunga vizuri kabisa.

"Iko tayari, shefu."

Alisema kwa furaha. Nilimtazama usoni na niliiona, ile furaha ya mtu ambaye ameogopa kwa majuma kwamba atakamatwa kwa sababu ya kipande cha mbao, na sasa mbao imepona. Sidhani kama alikuwa ameanza kufikiri juu ya risasi. Alikuwa bado anafikiri juu ya ofisa.

Kaporali akamtupia magazini. Akaidaka.

"Shemeji," akaniambia, "umutoe mama."

Akakimbia kuelekea kwenye handaki, upande wa mashamba.

Mama mkwe alikuwa amesimama uani, ameshika sufuria. Nilimwambia twende. Akasema anamsubiri Ferdinand. Nikamwambia Ferdinand anakuja nyuma yetu. Akasema basi tutamsubiri.

Risasi zikapita kwenye migomba.

Nilimkamata. Nilimweka mgongoni, mama mkwe wangu, mtu ambaye sikuwahi kumpa hata mkono, nikakimbia naye. Alikuwa mwepesi. Alinipiga kichwani kwa ngumi, akisema nimshushe, mimi sina hata haya. Pembeni yetu wanawake wengine walikimbia na watoto na magodoro. Kijana mmoja mlinzi, ambaye bunduki yake haikuwa na risasi, alikuwa amebeba watoto wawili kwa mpigo, anapumua kwa kelele, analia bila kujificha.

Tuliposhika njia ya Kigobe, mama akaacha kunipiga. Aliweka kichwa chake begani kwangu. Alikuwa anahesabu milio, nadhani, kwa sababu kila ikinyamaza mwili wake ulikaza.

Kigobe palikuwa na nyumba za wakubwa, kuta ndefu, taa zinawaka. Tulikaa nje ya ukuta mmoja, kwenye matope, kundi zima la Carama. Askari wa lango walituambia tusisogee karibu. Hawakutufukuza lakini. Tulilala pale.

Asubuhi nilirudi pamoja na yule kijana asiye na risasi. Nyumba ya matofali ilikuwa imeungua ule upande wenye bati. Kaporali alikuwa mlangoni, amekufa. Ferdinand alikuwa kwenye handaki, amelala kifudifudi, na nilimtambua kwa nyayo zake. Maganda ya risasi yalikuwa mengi chini yake. Mtu ambaye alikuwa hajawahi kufyatua alifyatua mpaka magazini ikaisha. Bunduki haikuwepo. Wale walikuwa wameichukua, kama walivyochukua zote, imepona, imepakwa mafuta, na ikaenda nao milimani kuendelea na kazi yake. Mara nyingi nimejiuliza iliua nani baadaye. Sijui, na hakuna wa kumuuliza.

Yule ofisa hakuja. Si siku ile, si baadaye. Kituo kilikuwa hakipo tena cha kukaguliwa.

Tulimzika karibu na mboga zake, padri akasoma haraka kwa sababu milimani kulikuwa hakujatulia. Mimi nilisimama nyuma nikamsomea dua yangu kimoyomoyo. Hakuna aliyeona ubaya. Mama mkwe, ambaye sasa alikaa kwetu Buyenzi, alinisogelea mbele ya watu wote akanishika mkono, akaushikilia. Kwao hilo halifanywi. Nilibaki nimesimama pale, machozi yananitoka mbele ya watu, na mkono wangu siuondoi.

Zaina hakulia makaburini. Alilia nyumbani baadaye, siku nyingi, akiwa anapika, akiwa anafagia. Jioni moja wageni wa msiba walipokuwa wamepungua, alikuja karakanani akakaa juu ya ile injini mbovu. Alikuwa hajawahi kukaa pale. Akaniomba nimweleze ile siku yote, bila kuruka kitu, na nikamweleza, mpaka kwenye maneno ya kaporali, wenye bunduki huku, wasio nazo waondoe watu.

"Mbao ilitoka yenyewe?" akauliza.

"Tuliikausha. Ilitoka."

"Haikupasuka?"

"Hata ufa."

Zaina akafuta vumbi kwenye injini kwa kiganja.

"Ungeipasua," akasema.

Hakusema kwa hasira. Hakunilaumu siku ile wala siku yoyote baada yake, na tumezeeka pamoja. Alikuwa anatazama tu mahali pengine ambapo mambo yangeweza kupita. Ningeipasua, kaporali angemwambia Ferdinand abebe mama yake akimbie. Kesho yake, au keshokutwa, wangekuja kumchukua kwa ajili ya ile mbao. Huenda angekufa kasho, kwa njia mbaya kuliko risasi, na sisi tungekuwa tunazunguka na chakula mlango kwa mlango. Huenda ofisa asingejali. Huenda angepigwa, akafungwa, akaachiliwa vita vilipokwisha, akaleta mbuzi wake.

Mimi nikizipima huenda hizo, ile mbaya ndiyo inakuwa nzito. Nilimjua yule mke wa kijana wa magazini. Zaina naye alimjua. Lakini yeye amechagua ile nyingine, yenye Ferdinand hai, amekonda, anatoka kwenye lango fulani na hana hata viatu, na miaka yote hii amekaa nayo. Sijawahi kumwambia kwamba isingekuwa hivyo. Siwezi kumzika mdogo wake mara ya pili.